Ugonjwa Hauna Kabila, Lakini Bajeti Inalo



Mtoto akishikwa na kuhara usiku wa manane katika kijiji cha Gatwekera, mama yake haulizi jirani ametoka wilaya gani. Hugonga mlango ulio karibu. Jirani huamka, hujifunga leso, hushika tochi, na wote wawili hupita vichochoroni wakitafuta mahali palipo na daktari. Ndivyo ilivyo Kianda na Laini Saba. Ndivyo ilivyo Gatina na Kabiro kule Kawangware. Katika giza lile, Kenya tuliyoipigania ipo tayari. Hupotea kunapokucha, wakubwa wanapoketi mezani kugawa fedha za umma.

Tahariri hii inahusu fedha hizo. Tunasema mapema tunalolitaka, ili msomaji asitufuate gizani: fedha za afya ziwekwe mikononi mwa miungano ya wakazi wa makabila na dini zote, ziwekwe kisheria na kwa hesabu za wazi, na zitoke katika hazina yetu wenyewe. Anayedhani hilo ni jambo dogo, lisilofaa kusemwa na watu wa mageuzi, na atuvumilie.

Tuanze na historia, kwa kuwa ugonjwa wa Nairobi uligawanywa kwa rangi kabla ya kugawanywa kwa kabila. Mwaka 1902 tauni ilipozuka, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya watawala. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliletwa kuchunguza afya ya mji, naye akapendekeza kila rangi ikae mtaa wake. Hospitali nazo zikafuata mkondo huo. Ile tuiitayo leo Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji. Nairobi Hospital ilifunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Hospitali ya Wazungu. Uhuru uliondoa mabango hayo milangoni. Haukuondoa ramani. Mahali palipochimbiwa mifereji wakati wa Mkoloni ndipo palipoendelea kupata maji, na mahali palipoachwa paliachwa tena.

Kibera ni shahidi wa kwanza. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hapo ndipo Serikali ya Kikoloni ilipowaweka askari wa Keya wenye asili ya Sudan pamoja na jamaa zao, na mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa kuwa eneo la kijeshi. Watu wale walipigana vita vya wengine, wakapewa ardhi bila hati. Baada ya Uhuru waliambiwa kwamba wanaishi katika ardhi ya Serikali. Waliokuja baadaye kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mlima Kenya, wakapanga vyumba vya udongo na mabati, walirithi hukumu ile ile: ninyi ni wa muda. Na mtu wa muda hajengewi mfereji wa maji taka. Hachimbiwi bomba. Hajengewi zahanati. Haikuwa mpaka mwaka 2017 ndipo Wanubi walipokabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi ile ya awali. Karne nzima sheria ya ardhi ilikuwa ikiingia katika matumbo ya watoto kwa njia ya maji machafu.

Wala haya si maneno yetu sisi wachochezi, kama watakavyosema wengine. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, chombo cha Umoja wa Afrika, ilitoa uamuzi katika shauri la watoto wa asili ya Kinubi dhidi ya Serikali ya Kenya. Kamati ilisema kwamba watoto hao walibaguliwa katika kupata uraia, na kwamba ubaguzi huo uliwanyima pia haki yao ya afya na ya elimu, kwa kuwa jamii yao ilipewa huduma chache kuliko wengine. Msomaji na asome tena sentensi hiyo. Chombo cha bara letu lote kilitamka kwamba hapa, ndani ya jiji kuu, kitambulisho na zahanati ni jambo moja. Asiyehesabiwa kuwa raia hatibiwi kama raia.

Tazameni pia takwimu. Mwaka 2000 watafiti wa kituo cha APHRC walipima afya katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Waligundua kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa humo, 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Nairobi nzima idadi ilikuwa 62. Mashambani, ambako tumezoea kudhani ndiko kwenye dhiki, ilikuwa 113. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa kilomita chache kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini alikuwa katika hatari kubwa kuliko mtoto wa kijijini asiyewahi kuiona lami. Tangu hapo vifo hivyo vimepungua sana, na tunamshukuru Mungu, na wauguzi, na chanjo. Lakini kupungua kwake kunathibitisha hoja yetu: havikuwa majaliwa. Vilikuwa matokeo ya mambo yanayoweza kutendwa au kuachwa.

Mwaka huo huo wa 2000, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi wa nchi 11 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Katika nchi zote 11, nafasi ya mtoto kuishi ilitofautiana kwa kabila. Watafiti walipochimba zaidi walikuta kwamba katika nchi nyingi tofauti hizo zilishikamana na tofauti za mali. Hapa twaomba tusikizwe kwa makini. Kabila haliui mtoto. Damu ya Mjaluo, ya Mkikuyu, ya Mluhya, ya Mnubi na ya Mkamba ni moja mbele ya kipindupindu. Kinachoua ni barabara isiyofika, maji yanayouzwa kwa mtungi kwa bei ipitayo ile ya matajiri, na dawa isiyokuwapo. Barabara, maji na dawa huamuliwa na watu. Watu hao, kwa miaka mingi, wameamua kwa kuuliza: huko ni kwa nani?

Ndiyo maana suala hili ni letu sisi tuliodai vyama vingi. Tulipofuta kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 tulidhani tumefungua mlango wa hoja. Wajanja walipita mlango huo huo wakiwa wamebeba makabila yao. Mwishoni mwa mwaka 2001 wapangaji na wenye nyumba wa Kibera walimwaga damu kwa ajili ya kodi ya nyumba. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, nchi nzima ilizika watu zaidi ya 1,100, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoungua. Mwezi Oktoba 2017 ilikuwa zamu ya Kawangware: maduka na vibanda vilichomwa, majirani wakakimbiana. Siku kama hizo, njia ya kwenda zahanati hugeuka kuwa mpaka. Mama mjamzito hutazama kwanza ni vijana wa upande gani wanaolinda daraja. Mgonjwa wa kifua kikuu hukosa dozi yake. Waandishi huhesabu waliokufa kwa panga. Waliokufa kwa kukosa dawa hawahesabiwi na mtu.

Dawa ya maradhi haya ni nini? Jibu, wananchi wenzetu, liko kwetu, na lina ushahidi.

Mwaka 2000 muuguzi mmoja wa Kibera, Tabitha Atieno Festo, alipata dola 26 kutoka kwa kijana mgeni, Rye Barcott. Akazifanyia biashara ya mboga, na faida yake akafungulia zahanati katika nyumba yake mwenyewe. Alifariki mwaka 2004, lakini zahanati ile ilikua ikabeba jina lake. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu watu wa Kibera kwa takriban miaka 20, wakajenga kituo cha afya cha Kibera Kusini, na mwaka 2017 wakakikabidhi kwa Kaunti ya Nairobi. Mwezi Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, kwa ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti. Wengi wa wahudumu hao ni akina mama wale wale waliokuwa wakigongewa milango usiku bila malipo.

Mambo haya matatu yanafundisha somo moja. Mkazi akishirikishwa, huduma huvuka mipaka ya kabila bila hotuba. Muuguzi aishiye kichochoroni hujua ni nyumba gani imefunga mlango kwa hofu, na ni mama gani hajui Kiswahili vizuri akaona haya kuuliza. Maarifa hayo hayapatikani katika ofisi yoyote mjini. Wamarekani wenyewe, pamoja na utajiri wao, walilazimika kukubali hivyo: mwaka 1999 taasisi yao ya kudhibiti magonjwa ilianzisha mpango uitwao REACH, wa kutoa fedha kwa miungano ya wananchi ili kupunguza pengo la afya kati ya Weusi, Wahispania, Wenyeji wa asili na Wazungu. Waliona kwamba hospitali kubwa peke yake haizibi pengo lililochimbwa na historia.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID liliacha kuitoa. Miradi ya UKIMWI iliyojengwa kwa fedha za PEPFAR tangu mwaka 2003 ilitikisika kwa amri moja iliyotiwa sahihi ng'ambo ya bahari. Hatukuwapigia kura waliotia sahihi, wala hatuwezi kuwaondoa. Ushirikiano wa wananchi unaolishwa na mgeni peke yake ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Wasomaji wetu wa kanisani wanajua mwisho wa nyumba hiyo.

Tena misaada hufuata sifa. Kibera imepigwa picha mpaka imechoka. Kwa miaka mingi iliambiwa ina watu milioni moja au zaidi, hata sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu watu 170,070. Idadi ikawa biashara. Kawangware, yenye vumbi lile lile na kikohozi kile kile, haikupata hata nusu ya wapiga picha hao. Haki haiwezi kutegemea nani anajulikana zaidi kwa umaskini wake.

Basi fedha zitoke wapi? Katiba ya mwaka 2010, ambayo wengi wetu tulipigwa virungu kwa ajili yake, ina majibu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa rangi na wa kabila. Kifungu cha 56 kinaiamuru Serikali iwe na mipango ya kuwafikishia makundi madogo na yaliyosahauliwa maji na huduma za afya. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi, na wananchi wakishirikishwa. Afya ya vituo vyetu imekabidhiwa kaunti. Sheria ya mwaka 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao. Tangu Oktoba 2024 mfuko mpya wa SHA umechukua mahali pa NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Hatuna upungufu wa sheria. Tuna upungufu wa watu wanaoketi pale sheria zinapogeuzwa kuwa shilingi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, bajeti ya Kaunti ya Nairobi iwe na fungu lake maalumu, lenye jina na kiasi, la miungano ya afya ya wakazi katika mitaa ya mabanda, Kawangware sawa na Kibera. Fungu hilo lilipe wahudumu wa afya ya jamii kwa wakati. Ahadi ya shilingi 5,000 isiyolipwa ni deni la aibu.

Pili, kamati zinazosimamia vituo vya afya zichaguliwe hadharani, na zionekane kama mtaa unavyoonekana: wapangaji na wenye nyumba, Wakristo na Waislamu, wanawake, vijana na walemavu. Hesabu zake zibandikwe ukutani kwa Kiswahili kila baada ya miezi mitatu, na zisomwe kanisani na msikitini siku ya ibada.

Tatu, asiye na kitambulisho asifukuzwe mlangoni. Kama bima inadai karatasi ambayo Serikali yenyewe iliwachelewesha watu kuipata, basi kosa ni la Serikali, na mgonjwa asiadhibiwe kwa kosa hilo.

Nne, vifo na maradhi vihesabiwe kijiji kwa kijiji. Hapa tuna ndugu wanaotupinga kwa nia njema. Wanasema: mkianza kupima nani anakufa zaidi, mtawapa wanasiasa fimbo ya kutuchapia. Tunaielewa hofu hiyo, tumeona majivu. Hata hivyo dhuluma isiyopimwa haikanushiki wala haitibiki. Wanubi wasingeshinda shauri lao kama hawangeonyesha kwamba wao, kama jamii, walinyimwa. Rai yetu ni hii: wataalamu wapime kama kuna jamii iliyoachwa nyuma, bila kutaja mtu wala nyumba, lakini fedha zigawanywe kwa kipimo cha haja, yaani vifo, umbali na maji, na kamwe zisigawanywe kwa mgao wa makabila. Dawa ikigawanywa kwa kabila hugeuka sumu.

Sasa tunageukia makanisa, na tunasema kwa heshima kwa sababu ni nyumbani kwetu. Kanisa lilisimama wakati wengine walipopiga magoti mbele ya chama kimoja. Sauti ya akina Okullu, Muge, Njoya na Ndingi ilisikika wakati kusema ukweli kulikuwa hatari. Kanisa pia limetibu: mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti waliungana kuanzisha MEDS, chombo cha kununua na kusambaza dawa, wakathibitisha kwamba wanaotofautiana madhabahuni wanaweza kununua kwinini pamoja. Lakini tujitazame. Tuna ibada za lugha hii saa moja na za lugha ile saa tatu, na mara nyingi kamati zetu za maendeleo zina majina ya ukoo wa upande mmoja. Kikundi cha afya kinachokutana katika ukumbi wetu kinapokosa Mwislamu wa Makina au mpangaji mgeni, tunaidai Serikali kitu ambacho sisi wenyewe hatujakitenda. Tuanze kwetu. Kila parokia na kila usharika uhesabu mwezi huu ni nani hayumo katika kamati yake, kisha umwendee na kumwalika.

Na wanaharakati nao wajue kwamba maandamano hayatoshi. Bajeti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya sera ya fedha kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Tarehe hizo ziandikwe katika kalenda za kanisa kando ya Pasaka na Krismasi. Siku ya kusikiza maoni ya wananchi, ukumbi usijazwe na watu waliopewa nauli na mheshimiwa. Ujazwe na sisi, tukiwa na karatasi mkononi yenye jambo moja lililoandikwa vizuri: fungu hili, kiasi hiki, kituo hiki. Mwakilishi wa wadi aulizwe mbele ya watu alipiga kura gani.

Tunamalizia na mfano mnaoujua nyote, wa mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Tumezoea kuuhubiri kama habari ya huruma, kwa kuwa Msamaria alimhudumia mtu wa taifa lililochukiana na lake. Tumesahau sehemu ya mwisho. Msamaria hakuishia kufunga vidonda. Alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akaagiza matunzo yaendelee, na akaahidi kurudi kufanya hesabu. Alikuwa na huruma, alikuwa na fedha, alikuwa na mshirika wa mahali pale, na alikuwa na siku ya kurudi kukagua.

Kibera na Kawangware hazijapungukiwa huruma. Milango bado hugongwa usiku, na bado hufunguliwa. Zilizobaki ni dinari mbili na siku ya hesabu. Twende tukazidai pamoja.